Likizo Bila Makabidhiano: Watoto wa Makole Shule Zinapofungwa

Mhadhara kwa wazazi, walezi na viongozi wa mitaa, Makole, Dodoma



Nianze na jambo ambalo kila muuguzi wa Kituo cha Afya Makole analijua. Zamu ya usiku haiondoki mpaka zamu ya asubuhi ifike. Anayetoka humweleza anayeingia: huyu alipandisha homa saa 8 usiku, yule hajala tangu jana, wa kitanda cha dirishani dawa yake ni saa 4. Akishasema hayo ndipo anavua koti. Mgonjwa hakai hata dakika moja bila mtu anayejua kwamba huyu ni wangu.

Sasa tazameni shule inavyofungwa. Ripoti zinagawiwa, kengele inalia, watoto wanatoka mbio na madaftari kichwani. Mwalimu amemaliza zamu yake kihalali kabisa. Lakini nani ameingia? Baba yuko kazini. Mama yuko sokoni Majengo tangu alfajiri. Jirani anadhani yupo bibi, bibi anadhani yupo dada, na dada ana miaka 10. Shule imemwachia mtoto, mtaa haujampokea.

Hoja yangu jioni hii ni hiyo moja. Mengi yanayowapata watoto wetu likizo yanatokea katika saa ambazo hazina mwenyewe. Tukizipatia saa hizo mwenyewe, tutakuwa tumefanya kazi kubwa kuliko hotuba zote za kuwaonya watoto wawe waangalifu.

Likizo tatu, si mbili

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana likizo moja ndefu, ya kiangazi chao, na ushauri mwingi unaozunguka kwenye simu zetu umeandikwa kwa ajili yao: mafuta ya kukinga jua, maboya, mabwawa ya kuogelea. Kalenda ya mtoto wa Makole ni nyingine. Mwaka wa masomo unaanza Januari, unakatwa na likizo ya Juni inayomalizikia Julai mwanzoni, na unafungwa Desemba.

Likizo hizo mbili hazifanani. Juni ni ukame, upepo na baridi ya usiku. Desemba ni mvua. Mji wetu uko juu ya uwanda, yapata mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kwa mwaka mzima hupata mvua ya milimita 600 hivi au pungufu. Karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mzazi anayetoa onyo lile lile Juni na Desemba, mojawapo analitoa bure.

Ipo na likizo ya tatu, isiyoandikwa kwenye ratiba. Darasa la saba hufanya mtihani Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Kidato cha nne humaliza Novemba, na waliochaguliwa kuendelea huripoti kidato cha tano katikati ya mwaka unaofuata. Hii ndiyo ndefu kuliko zote, na ndiyo tunayoisahau. Nitairudia.

Vumbi la Juni

Juni haitishi, kwa hiyo tunaidharau. Vumbi linaingia machoni na kifuani, maji yana mgao, na kitu cha kwanza kupunguzwa nyumbani maji yanapopungua ni kunawa. Mkoa wetu una somo la kujivunia hapa. Wilaya ya Kongwa ilijulikana kwa muda mrefu kwa trakoma, ambayo wazee huiita vikope: ugonjwa wa bakteria unaopita kwa vidole, kwa kanga ya kufutia uso na kwa nzi, na ukirudi mara kwa mara utotoni humpofusha mtu akiwa mkubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walichukua vijiji 6 vya Kongwa. Vyote vilipewa dawa ya macho. Vitatu kati yake vilipewa pia kitu cha ziada: kampeni ya kuwaosha watoto uso, iliyoendeshwa kwa mikutano ya majirani, mikutano ya kijiji na maigizo ya shuleni. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Katika vijiji vya kampeni, nyuso safi ziliongezeka na trakoma kali ilipungua zaidi.

Angalieni kilicholeta tofauti. Kila mama wa Kongwa alijua tangu zamani kwamba uso huoshwa. Kilichobadilika ni kwamba majirani walikaa pamoja wakakubaliana kuwa uso wa mtoto ni shughuli ya wote, na kwamba maji kidogo yanatosha. Somo hilo lilizaliwa mkoani kwetu. Hatuna haja ya kulifuata mbali.

Jambo la pili la Juni ni jiko la mkaa. Usiku wa baridi watu hulala na jiko chumbani, dirisha limefungwa. Moshi wa mkaa uliokolea hauonekani, lakini hewa ya kaboni monoksaidi iliyomo haina rangi wala harufu, na humlaza mtu asiamke. Jiko lilale nje. Baridi ya Dodoma huondolewa kwa blanketi.

Maji ya Desemba

Sasa tuje kwenye mvua. Mtu wa pwani hukua akiyaogopa maji na kuyafahamu. Mtoto wa Dodoma kwa miezi saba hivi hulifahamu korongo kama njia ya kupita na uwanja wa kuchezea mpira. Siku moja ya Desemba mvua inanyesha milimani, huku kwetu jua linawaka, na maji yanashuka na korongo kwa kasi akiwa katikati. Maji yanayofika magotini, yakiwa na mwendo, yanaweza kumwangusha mtoto. Akishaanguka hayana kina kidogo tena.

Halafu tumeongeza hatari nyingine kwa mikono yetu. Tangu serikali ianze kuhamia hapa kwa nguvu mwaka 2016, na Dodoma kutangazwa jiji mwaka 2018, mji umejaa ujenzi. Kila ujenzi una shimo: la msingi, la maji taka, la tangi la chini, la kuchimbia kifusi. Kiangazi ni shimo kavu. Desemba ni bwawa lisilo na ngazi wala ukingo, maji yake mekundu hayaonyeshi kina, na watoto wanaona wamepata pa kuogelea.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 hivi walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Wengi wa hao wadogo hawafii baharini. Wanafia kwenye ndoo, karai, pipa, kisima na dimbwi la nyuma ya nyumba.

Nchi iliyotufundisha zaidi juu ya hili ni Bangladesh. Huko waliuliza swali ambalo sisi hatuliulizi: saa ngapi? Wakaona watoto wadogo wanakufa karibu kabisa na nyumbani, mchana kweupe, wakati mama ana kazi nyingi na baba hayupo. Hawakujenga mabwawa ya kuogelea kwa ajili ya hao. Walifungua vituo vya kijiji, vyumba vya kawaida nyumbani kwa mama mmoja aliyepewa mafunzo, vinavyopokea watoto kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana. Kwa watoto waliokuwa wakipelekwa, vifo vya maji vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Saa nne kwa siku, mtu mmoja anayejua kwamba hawa ni wangu.

Kwa wakubwa kidogo, kuogelea hufundishwa. Kule Nungwi, Unguja, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuwasitiri mwili mzima, na kwa njia hiyo ukaondoa kikwazo kilichowaweka pembeni mama zao. Hapa kwetu mabwawa ni machache na yana kiingilio, kwa hiyo tuanze na lililo rahisi: tuwafundishe kuokoa bila kuzama. Mwenzako akitumbukia, usimrukie. Mrushie kamba, fimbo au dumu la lita 20 lililo tupu na kufungwa kifuniko, maana linaelea na kumbeba mtu. Piga kelele. Akishatolewa na hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Alazwe chali, apuliziwe pumzi mdomoni, akandamizwe kifua kwa nguvu na haraka, mtu mwingine akiita msaada.

Mvua huleta mengine nitakayoyataja kwa kifupi. Nyasi zikipanda, nyoka husogea: mtoto akiumwa, asichanjwe, asifungwe kamba ya kukaza, asitafutiwe jiwe jeusi, atulizwe, kiungo kisichezeshwe, apelekwe hospitali mara moja. Akiumwa na mbwa, hata kidonda kikiwa kidogo, kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha akapewe chanjo siku hiyo hiyo, kwa maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba. Embe zikiiva, matawi yanavunjika na mikono inavunjika nayo. Na tumbo likianza kuendesha, ORS na vidonge vya zinki vianze nyumbani huku mkijiandaa kwenda kituoni.

Mtoto anayelea mtoto

Nimesema dada ana miaka 10. Katika nyumba nyingi za kupanga hapa Makole, huyo ndiye meneja wa likizo. Anapika, anachota maji, anambeba mdogo wake mgongoni, na mara nyingi anafanya vizuri kuliko tunavyostahili. Lakini tusimpe mzigo wa mtu mzima halafu tukashangaa sufuria la uji likipinduka.

Afanyiwe mambo matatu. Jiko liinuliwe au lizungushiwe kitu, lisiwe sakafuni penye mtoto anayetambaa. Mafuta ya taa na dawa ya kuulia wadudu visikae kwenye chupa ya soda au ya maji, kwa sababu mtoto haoni mafuta, anaona soda. Akishakunywa mafuta ya taa asitapishwe, akimbizwe kituoni. Na akiungua, maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20: si dawa ya meno, si unga, si yai.

Chakula nacho. Shule inayotoa uji au makande inapofungwa, mlo huo unakatika, na Desemba ndio mwezi ambao ghala la mkulima wa mkoa huu limepungua kuelekea mavuno. Mtoto anayeshinda na njaa huenda kutafuta, na anayetafuta hupatikana na wengi. Ugali na mlenda wenye karanga mchana ni ulinzi wa mtoto kama ulivyo ulinzi wa mwili wake.

Safari ya kwenda kwa bibi

Makole ya leo ni ya watu waliotoka kila mkoa. Desemba stendi inajaa watoto wanaopelekwa kusalimia nyumbani. Ni jambo jema. Mtoto amjue bibi yake. Lakini Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo, na mtoto aliyekulia hapa hana kinga ya kuizoea. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta malaria kwa asilimia 8 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini, huku Tabora ikiwa na asilimia 23. Anayekwenda Tabora, Mtwara, Kagera au Kigoma aende na chandarua chake begini. Akirudi na homa hata baada ya wiki kadhaa, mwambieni mganga alikokuwa, kwa sababu hapa anaweza asiifikirie malaria haraka.

Kuna safari nyingine, na hii naisema waziwazi kwa heshima ya wazee walioko hapa. Utafiti wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba Dodoma asilimia 47 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 18. Tumepiga hatua ndefu, na waliopiga hatua hiyo ni wazazi wa mkoa huu. Lakini kinachopungua hadharani kinaweza kuhamia sirini: kwa watoto wachanga, kwa kisingizio cha kutibu ugonjwa wanaouita lawalawa, na kwa wasichana wanaosafirishwa shule zikifungwa. Kule Mara msimu wa kukeketa huangukia Desemba kwa sababu hiyo hiyo ya likizo, na kituo cha Masanga, Tarime, hupokea wasichana wanaokimbia kipindi hicho. Binti akisema hataki kwenda kijijini mwaka huu, mkae naye mmuulize kwa nini kabla ya kukata tiketi.

Miezi ya mhitimu

Nilisema nitairudia likizo ya tatu. Mfikirieni mtoto wa darasa la saba, wa miaka 13 au 14. Mtihani umekwisha Septemba. Jina lake limetoka kwenye daftari la mahudhurio la shule ya msingi, na halijaingia kwenye la sekondari. Kuanzia hapo hadi Januari hakuna mwalimu hata mmoja Tanzania nzima atakayeuliza asubuhi, "Fulani yuko wapi?" Ni takriban miezi minne, katika umri ambao mwili unakua haraka kuliko busara, na kila mtu anamwambia, "Wewe sasa mkubwa."

Wavulana tunajua wanakoishia: kibanda umiza, mashine za bonanza, kubeti kwa laini ya mtu mwingine ingawa sheria inataka miaka 18, kujifunza pikipiki ya mtu bila leseni wala kofia. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29 duniani, na sisi tunampa mtoto bodaboda ili asikae bure. Wasichana hupelekwa kazi za ndani, au hukaa nyumbani peke yao. Mwaka 2015-16, Dodoma, asilimia 39 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana ujauzito. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu aliyejifungua arudi shule, na ni haki yake. Lakini ni bora zaidi asilazimike kuihitaji haki hiyo.

Tusijidanganye kwamba wa kuogopwa ni mgeni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wa wanaofanya hivyo wana jina tunalolijua na kiti tunachowakaribisha. Kwa hiyo maneno ya "usiongee na mtu usiyemjua" hayatoshi. Mwambieni mtoto, wa kike na wa kiume: mwili wako ni wako hata mbele ya mjomba, siri inayokuumiza haitunzwi, ukija kunieleza sitakupiga. Neno hilo la mwisho ndilo gumu kwetu wazazi, na ndilo linalofungua mdomo. Yakitokea, msiyamalize kwa mbuzi na ukoo. Mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinahitaji kuanza ndani ya saa 72, na taarifa ifike Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Makabidhiano

Sasa tufanyeje? Tuna methali tunayoipenda, kwamba mkono mmoja haulei mwana. Tatizo ni kwamba katika mtaa wa wapangaji, ambamo huyu alihamia mwaka jana na yule ataondoka mwakani, mikono ipo mingi lakini kila mmoja unasubiri mwingine. Nawapendekezea mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

La kwanza: siku ya kufunga shule, kabla ya ripoti kutolewa, mzazi aandike karatasi ya mistari mitatu. Kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni mtoto huyu atakuwa na nani? Namba yake ya simu ni ipi? Akisafiri, anakwenda kwa nani na anarudi lini? Nakala moja ibaki shuleni, nyingine iende kwa mtendaji wa mtaa na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, ambayo kwa mujibu wa mpango wa taifa inapaswa kuwepo ngazi ya mtaa. Familia iliyoacha mistari hiyo wazi ndiyo ya kutembelewa kwanza.

La pili: kila kundi la nyumba chache lichague mama au bibi wa asubuhi, wa kukaa na wadogo saa zile nne za Bangladesh. Mnaouza sokoni mchangieni kidogo kila siku. Mtu anayelipwa, hata kidogo, anaulizwa; anayesaidia tu, tunamwonea haya.

La tatu: mwezi Novemba, kabla ya mvua, viongozi wa mtaa na vijana wapite wakihesabu mashimo. Kila shimo lina mwenye kiwanja. Alifunike au alizungushie uzio, na asipofanya hivyo apelekwe kwa mtendaji wa kata. Kazi hiyo wapeni wahitimu wa darasa la saba; wanayajua mashimo yote kuliko sisi.

La nne ni la hao wahitimu. Misikiti, makanisa na shule za Makole zina viti, vivuli na viwanja vinavyokaa vitupu. Fungueni daftari lao, majina yaitwe mara mbili kwa wiki. Asubuhi kuna masomo ya kujiandaa na Kiingereza cha sekondari, kuna maktaba ya mkoa, kuna fundi cherehani na fundi umeme wanaoweza kupokea wawili wawili. Jioni, jua likipoa kuanzia saa 10, kuna mpira, kwa wavulana na kwa wasichana. Kwa kijana wa miaka 14, kuitwa jina na kuulizwa anapokosekana ni ulinzi mkubwa.

Ukutani kwa kila nyumba pawe na namba tatu zilizoandikwa kwa kalamu nene: 112 polisi, 114 Zimamoto na Uokoaji, 116 simu ya huduma kwa mtoto, ambayo ni ya bure. Mtoto wa miaka 7 anaweza kuzikariri.

Najua kuna anayesema: mimi nauza mboga, nikikaa nyumbani kulinda tutakula nini? Mama, hakuna anayekutaka ukae nyumbani. Ninachokuomba ni jina. Ukitoka saa 11 alfajiri, ujue umemwacha kwa nani, na huyo naye ajue kwamba ameachiwa. Haya mawili yakikutana, makabidhiano yamefanyika, na unaweza kufanya biashara yako.

Kalamu na karatasi ziko mezani hapo mlangoni. Kabla hamjatoka, kila mwenye mtoto aandike jina la mtu wa saa zake. Aliyekosa jina la kuandika asione aibu: aandike la kwake, abaki kidogo na mtendaji na majirani zake waliomo humu, tumtafutie leo leo.